Raha ya Kazi za Mikono na Swali la Bei

Mtu akionekana barazani kwake, katika mtaa wowote wa Kampala, Jinja au Arua, ameshika kulabu ya kufumia na bonge la uzi liko mapajani, jirani anayepita hakosi kumwuliza kama kitambaa hicho anakiuza na, kama anakiuza, ni shilingi ngapi. Swali hilo halina ufidhuli wowote. Katika nchi ambayo vikapu, mikeka na shanga za karatasi vimelipa karo za watoto wengi, kudhani kwamba kila kazi ya mkono inaelekea sokoni ni dhana yenye msingi. Hata hivyo, swali hilo hufunika jambo ambalo mfumaji mwenyewe analijua vizuri ingawa mara nyingi hana namna ya kulieleza: kwamba angefuma hata kama mnunuzi hayupo, na kwamba zipo siku ambazo mnunuzi akija na pesa mkononi, hamu ya kufuma hupungua badala ya kuongezeka.

Fundo lenyewe lina nyuzi tatu, nazo ni raha, riziki na wajibu. Nyuzi hizo zimesukwa pamoja kwa muda mrefu kiasi kwamba wengi wetu hatuoni tena ipi inaanzia wapi, na ndiyo maana mazungumzo kuhusu kazi za mikono za nyumbani huishia ama kwenye mahubiri ya ujasiriamali, ama kwenye maombolezo ya mila zinazopotea. Maoni yangu ni kwamba pesa yenyewe haiui raha ya kazi ya mkono. Kinachoiua ni fundi kunyang'anywa uamuzi, na pesa ni mojawapo tu ya njia za kumnyang'anya.

Kikapu cha kuzungusha kinafaa kuwa mfano wa kwanza, kwa sababu ndani yake karibu kila kitu kinaonekana. Fundi hukusanya nyuzi kavu za mgomba au mabua membamba, huyashikanisha yawe kamba nene kiasi cha kidole, kisha huizungushia kamba hiyo ukanda mwembamba wa rafia huku akiishona kwenye mzunguko uliotangulia, tundu baada ya tundu, kwa sindano nene. Sehemu ngumu zaidi ni mwanzo, kwa kuwa kitovu cha kikapu, ambacho ni kidogo kama sarafu, hukataa kukaa duara, na wanafunzi wengi hukata tamaa hapo hapo. Anayevuka mizunguko ya kwanza hugundua kwamba kazi imeanza kumwongoza. Anajua afanye nini baadaye, anaona mara moja kama mshono uliopita umekaa au umelegea, na ugumu uliobaki unalingana na uwezo wake, kwa maana hauchoshi kwa wepesi wala hautishi kwa ugumu.

Mambo hayo matatu, yaani lengo lililo wazi, jibu la papo hapo na ugumu unaolingana na uwezo, ndiyo aliyoyaeleza mwanasaikolojia Mihaly Csikszentmihalyi, mwenye asili ya Hungaria aliyefanya kazi Marekani, katika utafiti aliouchapisha mwaka 1975 baada ya kuwahoji wapanda milima, wachezaji wa sataranji, madaktari wa upasuaji na wengine ambao kazi au mchezo wao huwazamisha hadi wasisikie saa zikipita. Hakuwa akizungumzia wasusi wa vikapu, lakini ni vigumu kupata shughuli inayotimiza masharti yake kwa ukamilifu zaidi. Linganisha na kazi za ofisini, ambako karani huandika taarifa ya kurasa thelathini na huenda asijue kamwe kama kuna aliyeisoma. Msusi wa kikapu hangoji kuambiwa: mzunguko ukienda upande, macho yake yameshaona.

Kazi ya mkono ina sifa nyingine ambayo michezo mingi haina, nayo ni kwamba fundi mwenyewe hupanga ugumu wake. Aliyezoea rangi moja huongeza ya pili, na rangi ya pili ikiingia inambidi ahesabu, kwa sababu pembetatu au zigizaga ya ubavuni haitokei kwa bahati. Vikapu vya magharibi mwa Uganda vyenye vifuniko, ambavyo hutumika kuweka kalo, yaani ugali wa ulezi, hushonwa kwa mishono midogo na iliyobanana kiasi kwamba mtu asiyejua huvidhania vimefumwa kwa mashine. Hakuna aliyeamrisha mshono uwe mdogo kiasi hicho, na ugali haungemwagika kama ungekuwa mkubwa zaidi. Udogo ule ni fundi aliyekuwa akijipima mwenyewe, na mshindani wake alikuwa kikapu chake cha mwaka jana.

Jambo ambalo maelezo ya kawaida ya raha hii huliacha nje ni makosa. Kazi za mikono zinatofautiana sana katika namna zinavyoyapokea, na nadhani tofauti hiyo inaeleza, kuliko kitu kingine chochote, kwa nini mtu mmoja hupenda kufuma na mwingine hawezi kukaa nako hata nusu saa. Kufuma kwa kulabu husamehe kila kitu. Ukikosea safu tano nyuma, unavuta uzi, safu zinafumuka, na uzi unabaki kama ulivyokuwa, tayari kuanza upya. Kudarizi husamehe nusu tu: uzi unaweza kutolewa, lakini kitambaa hubaki na vitundu vinavyoshuhudia, na ndiyo maana wanaodarizi ule mstari mwekundu wa shingoni mwa kanzu ya Kiganda huwa watu wa subira, wasiopenda kuharakishwa. Rafia iko katikati, kwa kuwa unaweza kuifumua mara moja au mbili kabla haijachanika.

Kwenye ncha ya mwisho iko nguo ya gome la mti, ambayo Waganda huiita lubugo. Gome la ndani la mti wa mutuba huvuliwa msimu wa mvua, kisha hupigwa kwa nyundo za mbao zenye michirizi ya ukubwa tofauti, kuanzia ile mikubwa hadi ile membamba, mpaka lilainike, lipanuke na kupata rangi ile ya udongo mwekundu. Kazi hufanyika chini ya kibanda kilicho wazi pembeni ili gome lisikauke haraka, na mti uliovuliwa hufungwa majani ya mgomba ili uote gome jipya. Kwa desturi ufundi huu ni wa ukoo wa Ngonge, unaoongozwa na kaboggoza, yaani fundi mkuu wa kurithi, na UNESCO iliutangaza kuwa urithi wa kutunzwa mwaka 2005, kisha ikauingiza katika orodha yake ya urithi usioshikika mwaka 2008. Pigo likizidi nguvu mahali ambapo gome ni jembamba, linatoboka, na hakuna namna ya kulirudisha. Fundi hushona kiraka. Viraka hivyo huonekana kwenye nguo nyingi, na sijawahi kusikia mtu anayeijua lubugo akivilalamikia.

Lubugo si kazi ya kujiburudisha mtu mwishoni mwa juma, na itakuwa dharau kwa ukoo mzima kuieleza hivyo. Lakini kipande kilichokamilika hununuliwa na kupelekwa nyumbani, na huko wengi hukishona kuwa jalada la daftari, mkoba au pambo la ukutani. Mtu anayekishika kwa mara ya kwanza inampasa ajue kwamba hakifanani na kitambaa cha kufumwa: hakina uzi wa kusimama wala wa kulala, kwa hiyo hakichirizi nyuzi kinapokatwa, na mishono ikikaribiana mno hukichana kama karatasi iliyotobolewa matundu ya stempu. Mishono mirefu na sindano nyembamba hukifaa zaidi.

Baada ya makosa, wenzi. Kusuka mkeka huacha mdomo huru. Mikono ikishazoea, ukanda uliosukwa, ambao watu wa pwani huuita ukili, hurefuka wenyewe huku wasukaji wakizungumza, na baadaye kanda hushonwa pamoja kuwa mkeka mmoja. Wanawake wa Kinubi wa Bombo, mji ulio kaskazini mwa Kampala, ambao Kiswahili kimekuwa miongoni mwao kwa vizazi vingi, wanajulikana kwa sinia za ususi na kawa za kufunikia chakula zenye rangi kali, na mtu aliyewahi kukaa karibu na kundi la wasusi anajua kwamba mazungumzo ya hapo hayafanani na ya mezani. Macho yako kwenye kazi. Hakuna anayemkazia mwenzake macho, kimya cha dakika mbili hakimwaibishi mtu, na mambo mazito kama ugonjwa, deni au mwana aliyepotoka hupata nafasi ya kusemwa taratibu, nusu sasa na nusu baada ya safu nyingine. Kudarizi kwa kuhesabu, kinyume chake, hakutaki mtu karibu. Kwa hiyo anayetafuta kazi ya kufanya nyumbani ingemfaa ajiulize kwanza kama anatafuta watu au anawakimbia, kabla hajajiuliza anapenda rangi gani.

Je, sayansi inathibitisha kwamba kazi hizi hutuliza moyo? Inathibitisha kwa kiasi, na kiasi hicho kinafaa kutajwa kwa uangalifu kwa sababu mitandaoni madai yamezidi chumvi. Mwaka 2013 watafiti wa Uingereza walichapisha matokeo ya dodoso lililojibiwa na wafumaji 3,545 wa nchi mbalimbali, ambapo waliofuma mara nyingi zaidi walieleza pia kuwa na utulivu na furaha zaidi. Tatizo la dodoso la namna hiyo ni dhahiri, kwa kuwa waliojibu ni watu ambao tayari wanapenda kufuma, na aliyejaribu akachukia hakuulizwa. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Drexel, Marekani, walipima mate ya watu wazima 39 kabla na baada ya dakika 45 za kuchora, kufinyanga udongo au kubandika picha, wakaona homoni ya kotisoli, inayohusishwa na msongo, imeshuka kwa takriban robo tatu yao. Kundi lilikuwa dogo na halikulinganishwa na watu waliokaa tu wakapumzika. Lakini kulikuwa na tokeo moja linalostahili kukumbukwa: uzoefu wa awali haukuleta tofauti ya maana. Asiyejua kuchora alinufaika kama anayejua.

Sasa turudi kwenye swali la jirani. Ushahidi ninaouona kuwa wa maana zaidi hautoki kwa wafumaji bali kwa watoto wa chekechea. Mwaka 1973 Mark Lepper, David Greene na Richard Nisbett walichapisha jaribio walilofanya kwa watoto waliokuwa tayari wanapenda kuchora kwa kalamu za rangi. Kundi la kwanza liliahidiwa cheti chenye utepe na nyota kama wangechora, kundi la pili lilipewa cheti kile kile bila kutarajia baada ya kumaliza, na kundi la tatu halikupewa kitu. Siku kadhaa baadaye, kalamu zilipowekwa tena darasani bila zawadi yoyote, watoto walioahidiwa cheti walichora kwa takriban nusu ya muda waliochora wenzao. Watu wengi wakisimulia jaribio hili huishia hapo na kusema kwamba malipo huharibu mapenzi. Wanaruka kundi la pili. Watoto wale walipokea zawadi ile ile, na hamu yao haikupungua hata kidogo. Kilichobadilisha kuchora kuwa kazi ya kibarua kilikuwa mapatano yaliyotangulia, na zawadi peke yake haikuwa na kosa.

Bila shaka mtoto wa chekechea hana karo ya kulipa wala mwenye nyumba anayegonga mlango, na cheti si pesa, kwa hiyo jaribio hilo lisibebeshwe uzito lisioweza kuubeba. Lakini linaonyesha mahali pa kutazama. Mwanamke anayesuka mkeka kwa ajili ya nyumba yake, kisha akauuza mwezi wa karo, yuko karibu na kundi la pili: uamuzi wa rangi, upana na muundo ulikuwa wake, na pesa ilikuja nyuma. Mwanamke huyo huyo akipokea oda ya mikeka ishirini inayofanana, kwa vipimo vilivyoandikwa na tarehe iliyowekwa, amehamia kundi la kwanza. Anaweza kuipokea oda hiyo kwa moyo mkunjufu, na ana haki ya kuipokea, lakini asishangae mikono ikianza kuuma mahali ambapo haikuwahi kuuma.

Shanga za karatasi zinaonyesha jambo hilo waziwazi. Katika mtaa wa Acholi Quarters, karibu na Kireka, viungani mwa Kampala, wanawake wengi waliokimbia vita vya kaskazini mwa Uganda na waliokuwa wakiponda mawe kwenye machimbo walipata riziki nyingine kwa kukata mabango, kalenda na magazeti kuwa pembetatu ndefu, kuyaviringisha kwenye sindano, kuyapaka gundi, kisha kuyapaka vanishi. Raha iliyomo katika shanga hizo ni ya kushtukizwa, kwa sababu bango la uchaguzi au la sabuni haliwezi kukuambia mapema litatoa mistari gani likishaviringishwa. Unajua tu kwamba pembeni kulikuwa na buluu. Mnunuzi wa mbali anapotaka shanga mia tano za rangi moja, anaagiza, bila kujua, kuondolewa kwa sehemu hiyo hasa. Nadhani ndiyo sababu vibanda vya vitu vya sanaa vya Buganda Road na vile vya nyuma ya Ukumbi wa Taifa wa Maigizo (National Theatre), Kampala, vinaweza kujaa vitu vizuri na bado vikamchosha mtazamaji: anachokiona ni uamuzi wa mnunuzi ukirudiwa na mikono mingi.

Kuna hitilafu nyingine ya bei, ndogo lakini yenye kuudhi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 na Michael Norton, Daniel Mochon na Dan Ariely ulionyesha kwamba watu waliokunja wenyewe ndege na vyura wa karatasi walivithamini karibu sawa na vile vilivyokunjwa na mabingwa, ilhali watazamaji waliviona kuwa karatasi zilizokunjamana. Mfumaji anayeshangaa kwa nini jirani anataka punguzo ajue kwamba jirani haoni saa zilizomo ndani ya kitambaa. Anaona kitambaa.

Uzi wa tatu, wajibu, unahitaji maneno machache tu, ingawa umeharibu mengi. Shule za wasichana za wamisionari zilifundisha kushona na kufuma kama sehemu ya maandalizi ya ndoa, na kwa bibi zetu wengi kitambaa cheupe cha kufunika kochi kilikuwa mtihani wa tabia kabla hakijawa pambo. Shule za msingi nazo ziliwaagiza wanafunzi walete ufagio, kamba au mkeka wa alama, na kila mzazi anajua soko alikoununulia mkeka huo jioni ya kuamkia siku ya kukusanya. Mtu mzima anayesema hana kipaji cha mikono mara nyingi hakuwahi kupewa nafasi ya kujua, kwa kuwa kazi ya kwanza aliyoishika ilikuwa na alama juu yake na haikuwa na chaguo lake ndani yake.

Wanaouza na bado wakafurahi, kwa kadiri nilivyowaona, hawafuati kanuni moja, lakini wote hulinda sehemu fulani ya uamuzi. Wapo wanaomwachia mteja ukubwa na bei, wakabaki na muundo. Wapo wanaouza kilichokwisha tu na kukataa oda kabisa, wakikubali kwamba mapato yatakuwa machache na ya kubahatisha. Wengine huwa na kazi mbili kwa wakati mmoja, ya oda mchana na ya kwao usiku, na ile ya usiku haina tarehe.

Anayeanza bila nia ya kuuza hahitaji mengi. Kusuka mkindu kunataka subira ya kuandaa, kwa sababu majani hukaushwa, huchanwa, hupakwa rangi kwa kuchemshwa, kisha hulowanishwa kabla ya kusukwa, na wakati wa kiangazi hukatika upesi yasipofunikwa kitambaa chenye unyevu. Kufuma kwa kulabu ndiko rahisi zaidi kuanzia. Uzi mpya hupatikana katika maduka ya Kiyembe, Kampala, lakini uzi mwingi na mzuri umelala ndani ya masweta ya mtumba katika soko la Owino, kwa anayejua kuchagua. Geuza sweta ndani nje na utazame mishono ya ubavuni. Ikiwa kingo zimekatwa na kuzungushiwa mshono wa mashine ya kuzuia kuchirizika, liache, maana litakupa vipande vifupi visivyo na faida. Ikiwa kila kipande kilifumwa kwa umbo lake na kuunganishwa kwa uzi mmoja, nunua, fumua mshono huo kwanza, kisha uanze kuvuta uzi kutoka upande wa juu, shingoni, kwa kuwa sweta lililoanziwa chini halifumuki vizuri kutoka kwenye pindo. Zungushia uzi kwenye mgongo wa kiti, ufunge mahali panne usijisokote, uoshe, kisha uutundike ukiwa na kitu kizito kidogo upande wa chini. Ukikauka utakuwa umenyooka, tayari kuviringishwa kuwa bonge.